Daktari John Snow na Maji ya London

Napenda kuwasimulia habari za Daktari John Snow, mtoto wa kibarua, aliyezaliwa York, Uingereza, mwaka wa 1813. Kipindupindu kilipoua watu London mwaka wa 1854, madaktari wengi walilaumu hewa chafu. Yeye alishuku maji. Alipita nyumba kwa nyumba. Wenyeji wengi hawakujua kampuni iliyowaletea maji, basi akayatia nitreti ya fedha. Maji yaliyotekwa mtoni penye taka za mji, ambako chumvi ya bahari hupanda, yalijaa weupe. Kwa nyumba 10,000 za maji hayo walikufa watu 315. Za kampuni ya pili, 37. Jaribio hilo tulilifanya maabara, nami nilisinzia! Alifariki mwaka wa 1858, kabla wengi hawajamsadiki.