Bruno Gutmann: mchungaji aliyewakabidhi vijana wao kwa wao

Siku ya kipaimara huwa kubwa. Huku kwetu Igawa, kama ilivyo Chimala, Ilembula au Makambako, siku hiyo utaona nguo nyeupe, utasikia kwaya mbili au tatu, na ndugu watakuwa wametoka mbali kwa basi. Mwaka ukipita, wazee wa usharika huanza kuulizana: wale vijana wako wapi? Mmoja yuko Ubaruku kwenye mpunga. Mwingine alidandia lori la Tunduma. Mwingine yupo hapa hapa kijijini, lakini Jumapili haonekani.

Swali hilo si la leo. Kiasi cha miaka mia moja iliyopita kulikuwa na mchungaji katika nchi yetu aliyelihangaikia karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa Mjerumani, naye alitumika Kilimanjaro, mbali na Mbeya na Iringa. Kaskazini jina lake linajulikana sana, hasa kwa Walutheri. Huku kusini wengi wetu hatujalisikia, na ndiyo maana leo tunakuletea habari zake, msikilizaji wetu. Aliitwa Bruno Gutmann.

Mtoto wa mjini

Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, Ujerumani, kwenye familia isiyo na mali. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukarani. Ulikuwa wakati ambapo viwanda vilivuta watu kutoka vijijini kwenda mijini, na huko watu wakaishi nyumba zilizobanana bila kujuana. Mtu aliweza kuugua na hata kufa, jirani wa mlango wa pili asijue. Hali hiyo ilimkaa moyoni. Baadaye, kila alipofikiria juu ya kanisa, hofu yake kubwa ilikuwa mtu kubaki peke yake.

Mwaka 1895 aliingia chuo cha Misheni ya Leipzig, na mwaka 1902 akatumwa Afrika Mashariki, kwa Wachaga.

Mlima wenye kidonda

Hakufika mahali pa amani. Tarehe 2 Machi 1900, miaka miwili tu kabla ya kuja kwake, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine. Watu walikuwa wameona kwa macho yao kile ambacho dola ya Kijerumani inaweza kufanya. Halafu anakuja Mjerumani mwingine, ana Biblia mkononi, anasema amekuja kama ndugu. Kwa nini aaminiwe?

Gutmann alianza kwa kusikiliza. Alijifunza Kichaga mpaka akakijua vizuri kupita wageni wengi. Alikaa na wazee, akaandika sheria zao, mafundisho waliyowapa vijana, na desturi za ndoa, za mirathi na za kugawana maji. Kazi hiyo ilizaa vitabu vikubwa. Kile kuhusu sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926, na mafundisho ya vijana yakafuata katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimpa heshima ya udaktari. Lakini nia yake haikuwa vitabu. Alikuwa akitafuta namna ya kujenga usharika.

Baada ya kutumika Masama, mwaka 1910 alipewa usharika wa Kidia, Moshi ya Kale. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipofanyika.

Usharika wa majirani

Wamisionari wengi wa wakati ule walimwona Mkristo mpya kama mtu aliyetolewa kwao. Anaacha ukoo, anaacha rika, anahamia karibu na misheni, anaanza maisha mapya. Gutmann aliona hatari katika njia hiyo. Alisema kwamba Mungu hamlei mtu hewani. Kila mtu amezaliwa katika ukoo, anakaa kati ya majirani, na amekua pamoja na watu wa rika lake. Vifungo hivyo vitatu, kwa mawazo yake, ni zawadi ya Muumba. Injili isivikate, bali ivisafishe na kuvitumia.

Kwa hiyo aliugawa usharika kwa mitaa ya majirani, na kila mtaa ukawa na wazee wake. Wazee hao hawakuwekwa kwa ajili ya kushika vikapu vya sadaka tu. Walitakiwa kujua nani anaumwa, nani amegombana na mkewe, mjane gani nyumba yake inavuja, mtoto gani ameacha mafundisho. Ibada ya Jumapili ilipokwisha, watu hawakutawanyika mara moja. Walikutana nje ya kanisa kuzungumza mambo ya maisha yao, kama vile ugomvi wa kupatanisha na kazi za kusaidiana.

Kule mlimani mashamba hupata maji kwa mifereji wanayoiita mifongo, na mfereji hauchimbwi na mtu mmoja. Sisi wa bonde la Usangu tunalielewa hilo bila kuambiwa. Jirani wa juu akiziba maji, mpunga wa jirani wa chini unakauka. Tunaweza kusema imani nayo iko hivyo. Haimfikii mtu isipokuwa imepita kwa jirani.

Ngao

Jambo linalokumbukwa zaidi ni lile alilowafanyia vijana wa kipaimara. Katika desturi za zamani, kijana wa Kichaga hakuingia utu uzima peke yake. Alifundwa pamoja na wenzake wa rika, na wenzake hao walifungamana naye kwa maisha. Gutmann aliichukua desturi hiyo akaiingiza kanisani. Vijana wa kipaimara waliunganishwa wawili au watatu katika kikundi kilichopewa jina la ngao. Walijifunza pamoja, na walipokwisha kubarikiwa hawakuachana. Kila mmoja alipaswa kumwangalia mwenzake, katika mwenendo, katika ibada na katika shida. Anayeteleza awe na mtu wa kwenda kumfuata, tena awe mtu wa umri wake, kabla habari haijamfikia mchungaji.

Neno ngao lilichaguliwa kwa maana. Ngao humkinga mtu dhidi ya mshale ambao yeye mwenyewe hakuuona ukija.

Wazee walipobaki peke yao

Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliokuwa wameichukua nchi waliwaondoa wamisionari wa Leipzig, Gutmann akiwemo. Ulikuwa mtihani mkubwa. Je, kazi ile ilikuwa ya mzungu mmoja, au ilikuwa ya watu?

Usharika haukufa. Walimu na wazee waliushika, wakafundisha, wakazika na kupatanisha. Wamisionari wachache wa Kilutheri kutoka Marekani walikuja kusaidia kuanzia mwaka 1922, lakini mzigo wa kila siku ulibebwa na wenyeji. Huku kwetu nako ilikuwa vivyo hivyo. Wamoravian wa Rungwe, na Walutheri wa Kidugala na vituo vingine vya Misheni ya Berlin, walipokonywa wamisionari wao katika vita ile ile, na waliolinda sharika walikuwa walimu na wazee ambao wengi hatuyajui majina yao.

Gutmann aliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, akatumika Kidia hadi mwaka 1938. Kabla hajaondoka kwa mara ya mwisho aliona wachungaji Waafrika wa kwanza wa Kilimanjaro wakibarikiwa, mwaka 1934. Alikufa Ujerumani tarehe 17 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 90.

Alipokosea

Tusimfanye malaika. Gutmann alipenda mambo ya kale kiasi cha kuogopa mapya. Hakufurahia shule kukua kupita mafundisho ya nyumbani, wala fedha ya kahawa, wala Kiswahili kuchukua nafasi ya Kichaga. Wachaga vijana hawakukubaliana naye. Walitaka shule, walitaka kuuza kahawa yao wenyewe. Joseph Merinyo, Mchaga aliyesoma katika misheni, akawa kiongozi wa chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa Kilimanjaro mwaka 1925. Aliona njia ambayo Gutmann hakuiona.

Tena maneno yake juu ya damu na ardhi yalifanana na lugha ambayo utawala wa Hitler uliitumia kwa ubaya huko Ujerumani. Ndiyo sababu wasomi wengi wamempima upya, wakachagua cha kubaki nacho na cha kuacha.

Na sisi wa Igawa?

Kidia ilikuwa mahali pa koo zilizokaa pamoja vizazi vingi. Igawa si hivyo. Sisi tuko barabarani, kwenye njia kuu ya Dar es Salaam na Zambia. Hapa wapo Wasangu, Wabena, Wahehe, Wasafwa, Wanyakyusa, na wafugaji waliotoka mbali. Mtu anahamia leo kufuata mpunga au biashara, keshokutwa ameondoka. Kifungo cha ukoo hakitoshi hapa, na pengine hakipo kabisa.

Lakini vifungo viwili vya Gutmann tunavyo: jirani na rika. Kijana aliyekuja kufanya kibarua hana shangazi hapa, ila ana nyumba ya pili yake. Wale watatu walioketi benchi moja kwenye mafundisho ya kipaimara wana namba za simu za kila mmoja, jambo ambalo vijana wa Kidia hawakuwa nalo.

Tunaloliona sisi katika maisha ya Gutmann ni hili: kumfundisha mtoto katekisimu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa mtu wa kumwuliza habari zake. Basi wazee wa usharika, Walutheri, Wamoravian na wengineo, kabla ya sherehe ya kipaimara inayokuja, mbali na kuhesabu viti na sahani, waandikeni vijana wawili wawili au watatu watatu, na kila mmoja ajue amekabidhiwa nani. Na wewe msikilizaji uliyepata kipaimara miaka mingi iliyopita, mkumbuke mwenzako mliyeketi naye benchi moja. Kama hujui yuko wapi, anza kwa kumtafuta kwa simu leo jioni.