Maria Theresa na Reale Yake

Wazee wa pwani waliijua sana sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene aliyejitanda ushungi, na mwaka 1780 umepigwa juu yake. Waliiita reale. Wengine wangali nazo masandukuni. Mama huyo hakupata kukanyaga Afrika. Ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na leo tutaeleza maisha yake pamoja na hesabu ya fedha iliyomo katika sarafu yake.

Alizaliwa katika mji wa Vienna tarehe 13 Mei 1717. Baba yake, Kaizari Charles wa Sita, hakujaliwa mwana wa kiume wa kumrithi, kwa hiyo alitumia miaka mingi kuwasihi wafalme wa Ulaya wakubali kwamba binti atashika nchi zake. Wengi walitia sahihi. Charles alikufa Oktoba 1740, na kabla ya mwaka huo kwisha Frederick wa Pili wa Prussia aliingiza askari wake katika Silesia, jimbo lenye utajiri mkubwa. Maria Theresa alikuwa na umri wa miaka 23, tena ni mja mzito, na hazina aliyoachiwa ilikuwa karibu tupu. Mwaka 1741 aliwaendea wakuu wa Hungaria kuomba askari, nao wakakubali kumsaidia. Vita viliendelea mpaka 1748. Silesia ilimpotea, lakini sehemu kubwa ya nchi zake ilibaki mikononi mwake. Mumewe, Francis, alichaguliwa kuwa Kaizari mwaka 1745, ila mwenye kutawala hasa alikuwa mkewe, ambaye alizaa watoto 16 huku akiendesha mambo ya nchi.

Aliwatoza kodi hata mabwana wakubwa, na mwaka 1774 alitoa amri kwamba watoto wote, wa kiume na wa kike, wasome. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wafukuzwe katika mji wa Prague, na watu wengi wasio na kosa walitaabika.

Tuje kwenye sarafu. Mwaka 1753 Austria ilipatana na Bavaria kwamba kila marki moja ya fedha safi, yaani kiasi cha gramu 234, itoe sarafu 10 za thaler. Basi kila thaler ilikuwa na fedha safi ya gramu 23.4 hivi. Katika vita vya miaka saba, 1756 mpaka 1763, Frederick alipiga sarafu zilizopunguzwa fedha kwa siri, akalipia vita kwa hasara ya wale waliozipokea. Maria Theresa naye alielemewa na madeni hata akatoa pesa za karatasi mwaka 1762, lakini thaler yake hakuipunguza. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililomfikisha mbali kuliko majeshi yake.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 28.0668. Katika sehemu sita, tano ni fedha na iliyobaki ni shaba. Zidisha uzito kwa 5, gawanya kwa 6, utapata gramu 23.389. Masonara huuza fedha kwa wakia yao ya gramu 31.1035, kwa hiyo thaler nzima ni kama robo tatu ya wakia. Lakini sarafu iliyopita mikono mingi imelika, basi mzazi anayetaka kuuza ya marehemu bibi yake na aipime kwanza. Tuseme mizani imeonyesha gramu 27. Fedha safi ni gramu 22.5, sawa na wakia 0.723. Ikiwa siku hiyo wakia moja ni shilingi 40,000, fedha iliyomo ni ya shilingi 28,900 hivi. Akipewa 10,000 atajua amepunjwa. Tena asidhani kila sarafu nyeupe ni sawa. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya 1921 mpaka 1946 ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na fedha ilikuwa robo tu. Zahitajiwa 12 kufikia fedha ya thaler moja.

Francis alikufa ghafula mwaka 1765, na tangu hapo mjane huyo alivaa nguo nyeusi mpaka mwisho wake. Ndiyo maana ya ushungi ule. Yeye mwenyewe alikufa Vienna tarehe 29 Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake, wakazikataa nyingine. Walitazama lulu za kishikizo begani, na maandishi ya ukingoni, ambayo yangeharibika kama mtu angekwangua fedha kwa tupa. Hivyo watawala waliofuata walizidi kuipiga kwa sura ileile na mwaka uleule. Katika Austria yenyewe haikuwa pesa halali tena tangu 1858, lakini iliendelea kupigwa kwa ajili ya biashara ya nje; baadaye ilipigwa hata Roma, London na Bombay. Kwa hiyo 1780 iliyoandikwa haikuambii umri wa sarafu uliyoishika. Kiwanda cha Vienna kingali kinazitoa hata leo, kwa gramu zilezile 28.0668.