Harry Hopkins, mgonjwa aliyesimamia silaha za Marekani kwa Ulaya

Tarehe 9 mwezi wa tano mwaka wa 2022, Rais Joe Biden wa Marekani alitia sahihi sheria ya kurahisisha kupeleka silaha nchini Ukraine. Jina la sheria hiyo liliazimwa kutoka sheria nyingine ya zamani, ya mwaka wa 1941. Sheria ya Biden haikutumiwa hata mara moja mpaka muda wake ukaisha mwaka uliofuata, kwa sababu silaha zilipitia njia zingine. Ile ya zamani ilifanya kazi miaka minne na nusu, na kupitia kwayo Marekani ilitoa vitu vya thamani ya dola karibu bilioni 50 kwa nchi zilizokuwa zinapigana na Ujerumani na Japani.

Mtu aliyeibeba sheria hiyo hakuwa jenerali. Hakuwa tajiri wa viwanda, na hakuna raia aliyewahi kumpigia kura. Aliitwa Harry Hopkins, na wakati vita vinaanza Ulaya watu wengi mjini Washington walidhani anaelekea kaburini.

Hopkins alizaliwa tarehe 17 mwezi wa nane mwaka wa 1890, katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alisoma chuo kikuu cha mji mdogo wa Grinnell, akamaliza mwaka wa 1912, kisha akaenda New York kufanya kazi na familia maskini za wahamiaji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi lilimkataa kwa sababu ya jicho bovu, akaingia Msalaba Mwekundu. Ujana wake wote ulipita katika kazi ya kugawa msaada: nani hana chakula, nani hana kazi, nguo ngapi, makaa mangapi, leo na si kesho.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Franklin Roosevelt, aliyekuwa gavana wa New York. Roosevelt alipokuwa Rais mwaka wa 1933, Marekani ilikuwa na mamilioni ya watu wasio na kazi, na akamwita Hopkins Washington. Katika baridi ya mwaka ule Hopkins aliwapa kazi watu zaidi ya milioni 4 katika miezi michache tu, wakitengeneza barabara, masomo na viwanja vya ndege. Maadui wake walisema anatupa pesa za serikali. Marafiki wake waliona kitu kingine: mtu anayeweza kupita katikati ya biro kumi na karatasi mia, na kuhakikisha kwamba kitu kilichoahidiwa kimefika.

Mwaka wa 1937 ulimwangusha. Mke wake wa pili, Barbara, alikufa kwa kansa, akimwachia binti mdogo. Mwaka huohuo yeye mwenyewe alikutwa na kansa ya tumbo, na madaktari wakakata sehemu kubwa ya tumbo lake. Hakufa, lakini tangu hapo mwili wake haukuweza tena kushika chakula vizuri. Alikonda, akawa mtu wa kuongezewa damu na kulazwa hospitali kila mara.

Tarehe 10 mwezi wa tano mwaka wa 1940, Ujerumani ilivamia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Jioni hiyo Hopkins alikuwa amealikwa kula kwa Roosevelt katika Ikulu ya White House. Alionekana mgonjwa, na Rais akamwomba alale hapo. Alilala, na akakaa humo miaka mitatu na nusu. Mtu aliyelala vyumba vichache tu kutoka kwa Rais, asiyetaka cheo chochote kwa kuwa afya haikumruhusu, akawa na nguvu kuliko mawaziri wengi.

Shida ya wakati ule ilikuwa pesa. Sheria za Marekani ziliruhusu Uingereza kununua silaha kwa masharti mawili tu: kulipa taslimu na kubeba mzigo kwa meli zake yenyewe. Kukopa ilikuwa haiwezekani, kwani sheria ya mwaka wa 1934 ilikataza kukopesha nchi ambazo hazijamaliza deni la Vita vya Kwanza. Mwisho wa mwaka wa 1940 dola za Uingereza zilikuwa zinaisha. Mwezi wa kumi na mbili, Waziri Mkuu Winston Churchill alimwandikia Roosevelt barua ndefu kueleza hali hiyo. Barua ilimkuta Rais melini, katika bahari ya Karibi, akiwa na Hopkins. Roosevelt aliisoma na kuirudia, siku kadhaa bila kusema mengi. Aliporudi Washington, tarehe 17, aliwaeleza waandishi wa habari mfano wa jirani ambaye nyumba yake inawaka moto: mtu hamwuzii mpira wa maji, anamwazima, na moto ukizimika anarudishiwa.

Kabla ya kupeleka jambo hilo Bungeni, Rais alihitaji kujua kama Uingereza itasimama au itaanguka. Hopkins aliomba kwenda. Alifika tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka wa 1941 kwa ndege ya kutua majini, amechoka sana. Alikuwa na mashaka na Churchill, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba hampendi Roosevelt. Alipanga kukaa wiki mbili, akakaa muda mrefu zaidi. Alitembelea miji iliyobomolewa na mabomu, viwanda na bandari. Nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu ilikuwa na baridi kali, hata mgeni huyo alikuwa akijifungia ndani ya bafu, mahali penye bomba la maji ya moto, akisoma karatasi zake na koti mwilini. Mjini Glasgow, mbele ya wageni mezani, aliazima maneno kutoka Kitabu cha Ruthu katika Biblia kuonyesha kwamba Marekani itakwenda na Waingereza mpaka mwisho. Churchill alilia. Na wakati huo hakuna kura hata moja iliyokuwa imepigwa Washington. Hopkins aliahidi kitu ambacho hakuwa na ruhusa ya kuahidi.

Kutoka London alituma orodha: meli za kivita, ndege, injini, risasi. Bungeni mjadala ulikuwa mkali. Rubani mashuhuri Charles Lindbergh alikwenda kupinga mbele ya wabunge, na wengi waliogopa kwamba silaha zikitangulia, vijana wa Marekani watazifuata. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria kwa kura 260 dhidi ya 165, Seneti kwa 60 dhidi ya 31. Roosevelt alitia sahihi tarehe 11 mwezi wa tatu, na Bunge likatoa dola bilioni 7 za kwanza.

Ujanja wa sheria hiyo ulikuwa kwamba haikukopesha pesa, ilitoa vitu. Serikali ya Marekani ilinunua kifaru au ngano kutoka kwa Wamarekani, halafu ikaazima au kukodisha kwa nchi ambayo Rais aliona usalama wake ni usalama wa Marekani. Dola zilibaki nyumbani, mikononi mwa wafanyakazi wa viwanda na wakulima. Rais alilazimika kutoa ripoti Bungeni angalau kila siku 90, na sheria yenyewe ilikuwa na tarehe ya kufa, hivyo ilibidi iongezwe muda. Mwaka wa 1943 iliporudi Bungeni, wawakilishi 407 waliikubali na 6 tu wakaikataa. Ni kweli kwamba wakati huo Marekani yenyewe ilikuwa vitani. Lakini hata mbunge wa jimbo la mbali sasa alikuwa na kiwanda au shamba lililoishi kwa msaada huo, na Hopkins, aliyetoka katika kugawa kazi kwa maskini, alilijua jambo hilo kuliko wengi.

Uamuzi wake mgumu zaidi ulikuwa juu ya Urusi ya Kisovieti. Ujerumani iliivamia tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1941. Wataalamu wa kijeshi wa Washington na London walihesabu kwamba itadumu wiki chache, labda miezi mitatu. Kwa nini basi kupeleka silaha ambazo Wajerumani watazikamata? Hopkins, aliyekuwa London tena, alipata ruhusa ya kwenda kujionea. Alipanda ndege ya Catalina kutoka Scotland hadi Archangel, zaidi ya saa 20 angani, muda mrefu akiwa amekaa nyuma kwenye kiti cha mpiga bunduki. Kofia yake ilikuwa imepotea, akavaa ile aliyoazimwa na Churchill.

Alikutana na Joseph Stalin tarehe 30 na 31 mwezi wa saba. Stalin hakupoteza muda. Aliomba bunduki na mizinga ya kupiga ndege. Kisha akaomba aluminiamu, nyingi, ya kutengeneza ndege. Hapo Hopkins aliona alichokuja kutafuta. Mtu anayetarajia kushindwa mwezi ujao haombi malighafi ya kutengeneza ndege za mwaka ujao. Hakuonyeshwa mstari wa mbele wa vita. Kwa mazungumzo ya siku mbili alimshauri Roosevelt kwamba Warusi watasimama, na kwamba inafaa kuwasaidia. Ndani ya ndege ya kurudi aligundua kwamba dawa zake zimebaki Moscow. Alifika Scotland karibu kufa, akapandishwa meli ya Churchill kuvuka Atlantiki kwenda kukutana na Roosevelt.

Mpaka mwisho wa vita Urusi ilipokea malori na magari madogo ya jeshi karibu 400,000, ndege zaidi ya 14,000, injini za treni karibu 2,000 na tani zaidi ya milioni 4 za chakula. Mzigo ulipita Iran, bahari ya Pasifiki, na njia ya barafu ya kaskazini ambako Wajerumani waliwinda meli. Mwezi wa saba mwaka wa 1942, msafara mmoja peke yake, PQ 17, ulipoteza meli 24.

Njia nyingine zilipita Afrika. Tobruk, nchini Libya, ilipoanguka mwezi wa sita mwaka wa 1942, Churchill alikuwa ndani ya White House. Wamarekani walikubali kumpa vifaru 300 vipya aina ya Sherman na mizinga 100, ambavyo jeshi lao lenyewe lilikuwa linavisubiri. Vilizunguka kusini mwa Afrika mpaka Suez, vikafika kabla ya mapigano ya El Alamein. Migogoro ya namna hii ilikuwa kazi ya Hopkins ya kila siku, kwani ndiye aliyeongoza kamati ya Washington iliyoamua nani apewe silaha gani. Kila jenerali alitaka apewe yeye kwanza.

Viwanda hivyo vilihitaji malighafi, na hapo Kongo ya Wabelgiji iliingia. Shaba ya Katanga ilikwenda kwa Washirika, na Japani ilipochukua mashamba ya mpira ya Asia mwanzoni mwa mwaka wa 1942, utawala wa kikoloni uliongeza kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Miezi michache kabla, mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1941, wachimba migodi wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma kudai mshahara unaolingana na bei za sokoni. Askari waliwapiga risasi, wakafa makumi. Wabunge wa Washington waliletewa ripoti kila siku 90. Wanakijiji waliopelekwa msituni kutafuta mpira hawakuulizwa na mtu.

Vita vilimfikia Hopkins pia nyumbani. Mwezi wa pili mwaka wa 1944 mwanawe Stephen, mwenye miaka 18, aliuawa katika visiwa vya Marshall. Baba alikuwa mgonjwa tena, na sehemu kubwa ya mwaka ule hakufanya kazi.

Kuna lawama ambayo haijaisha mpaka leo. Hopkins alipinga kumwekea Stalin masharti wakati silaha zinapelekwa, na vita vilipoisha Poland na majirani zake walijikuta chini ya Moscow. Baada ya kufa kwake wengine walimwita hata jasusi wa Warusi, jambo ambalo halikuthibitishwa. Lawama ya kwanza ina uzito zaidi. Lakini mwaka wa 1942 ni jeshi la Urusi lililokuwa limeshika sehemu kubwa ya majeshi ya Hitler, na kutisha kulikata msaada kungekuwa kucheza na vita vyote.

Roosevelt alikufa tarehe 12 mwezi wa nne mwaka wa 1945. Ujerumani ilipojisalimisha mwezi uliofuata, Rais mpya Harry Truman alitia sahihi karatasi ya kupunguza msaada kwa Urusi, na maofisa wakaitekeleza kwa ukali hata meli zilizokuwa baharini zikageuzwa. Amri ilirekebishwa haraka, lakini Stalin alikasirika. Truman alimtoa Hopkins kitandani, akamtuma Moscow kutuliza mambo. Ilikuwa safari yake ya mwisho. Mwezi wa nane, Japani iliposhindwa, msaada kwa Uingereza nao ulikatwa, karibu ghafla vilevile.

Hopkins alikufa New York tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka wa 1946, akiwa na miaka 55. Mwaka huohuo Bunge la Marekani liliikubalia Uingereza mkopo wa dola bilioni 3.75, safari hii wa pesa taslimu na riba. Waingereza walilipa sehemu ya mwisho mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2006.