André Gratia na Sumu ya Ndugu kwa Ndugu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa binadamu, ilhali inawahusu pia viumbe wasioonekana kwa macho. Aliyelidhihirisha jambo hili miongoni mwa bakteria wa utumbo ni mwanasayansi Mbelgiji, André Gratia.

Gratia alizaliwa mwaka wa 1893. Alikomaa kitaaluma chini ya Jules Bordet, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1919, katika Taasisi ya Pasteur mjini Brussels. Baadaye alivuka bahari na kufanya utafiti katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Enzi hizo wataalamu walikuwa wakizozana kuhusu kitu kinachoyeyusha bakteria. Félix d'Herelle alishikilia kuwa ni kirusi kinachoishi ndani yao. Bordet naye aliamini kuwa ni dutu itokayo kwa bakteria wenyewe. Katika mjadala uliofanyika Glasgow mwaka wa 1922, Gratia alisimama upande wa mwalimu wake. Muda ulipopita, ilibainika kwamba d'Herelle ndiye aliyekuwa sahihi.

Hata hivyo, jicho lililozoea kuwatazama bakteria wakiyeyuka halikukosa malipo yake. Mnamo 1925, Gratia alichunguza koo mbili za Escherichia coli, yaani aina mbili ndogo za bakteria wa jamii moja. Ukoo mmoja, uliokuwa mkali kwa wanyama wa maabara, aliuita V, herufi inayoanza neno la Kifaransa lenye maana ya ukali. Ukoo huo ulitoa kitu kilichouzuia ukoo wa pili kukua. Kitu hicho kilisambaa katika agari, kikapenya utando mwembamba wa selofeni na kustahimili joto. Hakikuwa na tabia ya kirusi, kwa kuwa hakikuzaana. Kilikuwa sumu, na walengwa wake walikuwa ndugu wa karibu wa wale walioitoa.

Mwaka wa 1932 Gratia alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Liège. Huko, pamoja na mwanafunzi wake Pierre Fredericq, alidhihirisha kwamba koo nyingi za bakteria hao zina sumu za namna hiyo, kila moja ikiwa na walengwa wake. Mnamo 1946 wawili hao walizipa jina la kolisini. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1950, Gratia aliaga dunia.

Aliacha nyuma yake swali zito: je, sumu iliyowaua bakteria wenzake ndiyo iliyoufanya ukoo wa V kuwa mkali kwa wanyama? Herufi aliyoichagua ilielekea kumshawishi mtu kuitikia. Mnamo 1974, nchini Uingereza, Herbert Williams Smith alionyesha kwamba plasmidi yenye jeni za kolisini V, ambayo ni kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, huwaongezea bakteria hao uwezo wa kuleta ugonjwa kwa kuku na mifugo mingine. Kwa mtazamo wa haraka, kesi ilikuwa imekwisha.

Lakini majaribio ya mwaka wa 1979 yaliigeuza hukumu. Bakteria waliobaki na plasmidi huku wakipoteza uwezo wa kutengeneza kolisini hawakupungua ukali. Mwaka uo huo iligunduliwa kwamba plasmidi hizo hubeba pia mbinu ya kunyakua madini ya chuma. Mwili huyaficha madini hayo katika damu ili kuwanyima wavamizi riziki. Bakteria mwenye mbinu hiyo huyapata na kustawi pale wenzake wanapodhoofika. Hivyo basi, sumu na ukali vilisafiri katika chombo kimoja, lakini abiria mmoja hakuwa sababu ya mwenziwe. Kolisini humsaidia bakteria kuwashinda wapinzani. Chuma humsaidia kumshinda mwenyeji wake.

Maisha ya Gratia yanatoa funzo kwa kila mtafiti chipukizi. Alikosea pamoja na mwalimu wake, lakini hakuacha kutazama. Alilipa jambo jina kabla ya kulijua lote, na waliomfuata wakalichunguza jina lenyewe. Mambo mawili yakiandamana, haimaanishi kwamba moja limezaa jingine.