Mcheza Kwao Hutunzwa? Wasifu wa Benson Masya wa Kitui (1970–2003)

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii imefundishwa madarasani kwa vizazi vingi, na mara nyingi huelezwa kana kwamba haizui swali lolote. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuwa kitenzi kutunza kina maana mbili. Kutunza ni kumpa mtu tuzo kwa kazi njema aliyoifanya. Kutunza pia ni kuhifadhi kitu kisipotee. Je, mtu aweza kutunzwa kwa maana ya kwanza, asitunzwe kwa maana ya pili? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, aliyekuwa mwanamume wa kwanza kutawazwa bingwa wa dunia wa mbio za nusu marathoni.

Chimbuko

Masya alizaliwa mwaka 1970 katika Kitui, sehemu ya mashariki ya Ukambani. Kitui na jirani yake Makueni, zinazopakana kwenye Mto Athi, hujulikana na Wakenya wengi kwa ukame, kwa safari ndefu za kutafuta maji, kwa uchongaji wa vinyago na kwa ngoma za Wakamba. Ni nadra kutajwa kwa riadha. Anapozungumziwa mkimbiaji wa Kenya, fikira za msikilizaji hukimbilia nyanda za juu za Bonde la Ufa: Eldoret, ulio kwenye kimo cha takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, au Iten, ulio juu zaidi. Mji wa Kitui uko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi tu. Kwa hiyo, wale wanaodai kuwa kimo cha ardhi ndicho kinachomzaa bingwa hawana budi kutueleza Masya alitoka wapi.

Isitoshe, Masya hakuanza na mbio. Mchezo wake wa awali ulikuwa ndondi. Bondia hujifunza mambo mawili ambayo baadaye humfaa mkimbiaji: kustahimili maumivu bila kuyaonyesha usoni, na kumsoma mpinzani kabla ya kumshambulia. Alipozivua glavu na kuvaa viatu vya kukimbilia, aliingia katika mbio za barabarani, na kufikia mwaka 1991 jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka ya Kenya.

Ushindi wa South Shields

Katika kaskazini mashariki ya Uingereza kuna mbio ziitwazo Great North Run, zilizoanzishwa mwaka 1981 na Brendan Foster, aliyekuwa mkimbiaji mashuhuri wa nchi hiyo. Huanzia mjini Newcastle, huvuka daraja la Mto Tyne na kupita Gateshead, kisha huishia South Shields, kando ya bahari. Masya alizishinda mwaka 1991. Mwaka uliofuata, Shirikisho la Riadha Duniani liliamua kuandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya nusu marathoni, na njia iliyochaguliwa ilikuwa hiyohiyo.

Tarehe 20 Septemba 1992, Masya alifika South Shields akiwa mbele ya wote, kwa muda wa saa 1 na sekunde 24. Nyuma yake alifuata Antonio Silio wa Argentina, na wa tatu akawa jirani yetu Boay Akonay wa Tanzania. Upande wa wanawake, ubingwa ulitwaliwa na Liz McColgan wa Uingereza. Msomaji asiyezoea takwimu za riadha na azingatie hili: nusu marathoni ni kilometa 21 na mita 97.5, na kwa muda ule Masya alikimbia kila kilometa kwa chini kidogo ya dakika 2 na sekunde 52, bila kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Alirudi katika barabara hiyo na kushinda tena mwaka 1994, akizidisha saa moja kwa sekunde 2 tu, na kwa mara ya nne mwaka 1996. Hakuna mwanamume mwingine aliyefikia ushindi wa mara nne katika mbio hizo hadi mwaka 2017, Mo Farah wa Uingereza alipomfikia Masya, kisha akampita mwaka 2018. Ina maana kwamba kijana wa Kitui aliishikilia rekodi hiyo katika nchi ya watu kwa zaidi ya miaka 20.

Marathoni ya Honolulu

Upande wa pili wa dunia, katika visiwa vya Hawaii, Masya alijijengea ufalme mwingine. Marathoni ya Honolulu hufanyika kila Desemba. Huanza alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu joto na unyevu wa hewa ya huko humchosha mkimbiaji mapema. Njia yake hupita chini ya mlima wa Diamond Head na kuishia katika bustani ya Kapiolani. Mkenya Ibrahim Hussein alikuwa amezishinda mbio hizo mara tatu mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1987. Masya naye alizishinda mara tatu: mwaka 1991, mwaka 1992 na mwaka 1994. Hivyo, katika mwaka mmoja wa 1992, alitwaa ubingwa wa dunia mwezi Septemba, na kabla mwaka haujaisha akashinda mbio za umbali maradufu.

Tuzo bila kumbukumbu

Kwa nini basi jina la Masya halisikiki pamoja na majina ya Kipchoge Keino au Paul Tergat? Tunaona sababu tatu.

Kwanza, nusu marathoni haimo katika Michezo ya Olimpiki. Kumbukumbu ya umma nchini Kenya hupimwa kwa nishani za Olimpiki, na bingwa asiyekuwa nazo huhesabiwa kama msindikizaji. Pili, Masya alikuwa mkimbiaji wa kulipwa wa barabarani. Maisha ya mwanamichezo wa aina hii, kama yalivyo ya mchezaji wa tenisi wa kulipwa, ni ya kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mapato yake hutegemea miguu yake, na miguu haidumu. Mashabiki wanaomshangilia hukaa Newcastle na Honolulu, wala si katika soko la kwao. Tatu, hakutoka katika eneo ambalo taifa limezoea kulitafutia mashujaa wa mbio. Hata Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos aliyeshinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo kuanzia 1993 hadi 1995, hakuweza peke yake kuyabadili mazoea hayo.

Masya aliaga dunia mwezi Septemba 2003, mwezi uleule uliomfanya bingwa miaka 11 awali. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu, umri ambao baadhi ya wakimbiaji wa marathoni ndipo hufikia kilele chao. Nyuma yake, mlango alioufungua ulipitwa na Wakenya wengi. Moses Tanui alitwaa ubingwa huo wa dunia mwaka 1995, Tergat mwaka 1999 na 2000, na Geoffrey Kamworor mara tatu kati ya 2014 na 2018.

Hitimisho

Tukirejea kwenye methali yetu, Masya alitunzwa kwa maana ya kwanza: alipewa nishani, fedha na makofi, na vingi vya hivyo alivipata ugenini. Kwa maana ya pili, deni bado halijalipwa, na linawahusu wasomaji wa kurasa hizi kuliko watu wengine. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, hakumchagua sultani wala liwali. Alimchagua mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika ufukara na kuinuliwa na sauti yake. Kwa kitendo hicho alitufundisha kuwa wasifu katika Kiswahili si mali ya watawala pekee. Sauti ya Siti ilihifadhiwa katika santuri na katika kitabu. Mbio hazina santuri. Mkimbiaji akishapita, vumbi hutua na barabara hubaki tupu. Kinachoweza kumtunza ni kalamu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya wasifu hana haja ya kwenda mbali. Na avuke Mto Athi, aingie Kitui, aulizie habari za Masya wakati wangali hai waliomwona akikimbia.