Krapf na Mringe: Wokovu Haupimwi kwa Hesabu



Kuna swali washirika wananiuliza sana, hasa msimu wa watalii ukiisha. Hoteli zinapunguza watu, mtu anakaa nyumbani bila mshahara, fungu la kumi linasimama, hata nauli ya kuja mkesha inakosekana. Basi ndugu anaanza kujiona kama jina lake limefutwa mbinguni. Anauliza: Pasta, matendo yangu yakipungua, na uhakika wa wokovu wangu unapungua? Wiki hii nimeona nijibu kwa maisha ya mtumishi mmoja aliyefanya kazi hapa Pwani.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa 1810 kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Akiwa kijana alisomea umisheni Basel, Uswisi, lakini akaacha kwa sababu alikuwa na shaka na wito wake. Baadaye Mungu alimrudisha kwenye kazi, na 1837 akatumwa Ethiopia na shirika la CMS. Huko milango ikafungwa. Januari 1844 akafika Zanzibar na mkewe Rosine. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na Mei wakahamia Mombasa.

Hawakumaliza hata miezi mitatu. Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf alibaki peke yake, mgonjwa, nchi ya ugenini. Lakini hakufunga mizigo. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Neno.

1846 akaja Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, na siku ya kuanza wote wawili walikuwa na homa. 1848 Krapf alipita nchi ya Wadigo, huku kwetu, akielekea Usambara kwa mfalme Kimweri. 1849 aliuona Mlima Kenya. 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kikachapishwa. Jamani, huyo mtu alichoka!

Sasa mimi nilisomea biashara, na mtu wa biashara lazima aulize: faida iko wapi? Krapf alipoondoka 1853, afya yake imevunjika, alikuwa amekaa Pwani miaka tisa. Ukitafuta waliobatizwa, unakutana na Mringe, mtu wa Rabai, kiwete, aliyebatizwa akikaribia kufa. Kwa hesabu za ofisi, huo mradi ungefungwa.

Hebu mwangalie Mringe. Hakuimba kwaya, hakuwa shemasi, hakupata nafasi ya kumhubiria mtu njia nzima. Alifika kwa Yesu mikono mitupu kama yule mhalifu msalabani katika Luka 23. Kama uhakika wa wokovu unatokana na wingi wa matendo, Mringe alikufa bila tumaini. Na Krapf naye, kama angepima kwa idadi ya watu aliowaleta, angelala kila usiku na hofu.

Lakini wote wawili wanashika risiti moja. Mmoja alitumika miaka, mwingine alitumika siku chache, na aliyelipa ni Yesu. Ndivyo Paulo anavyofundisha Waefeso 2: tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Bwana mwenyewe, katika Luka 10, aliwakataza wanafunzi wasifurahie mafanikio ya huduma, bali wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni.

Mtu atasema, basi tukae tu? La. Paulo anaendelea palepale kwamba tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Yakobo anasema imani isiyo na matendo imekufa. Na Yohana, waraka wa kwanza sura ya 3, anatuambia upendo kwa ndugu unatujulisha kwamba tumetoka mautini. Kwa hiyo matendo yana kazi yake, nayo ni kushuhudia. Hayalipi deni. Embe haligeuzi mti kuwa mwembe, linaonyesha tu ni mti gani. Mwembe ukikosa maembe msimu mmoja, bado ni mwembe. Lakini ukikaa miaka yote bila hata ua, mwenyewe lazima aangalie mizizi.

Krapf alizaa mpaka mwisho. 1862 alirudi kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, wakati yeye ameshalala. Alikufa Novemba 1881 huko Korntal, na inasimuliwa walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Tazama huo mwisho: mtu wa vitabu na safari nyingi hivyo, anaondoka kwa magoti, kama mwombaji yeyote.

Ndugu uliyesimamishwa kazi, jina lako halikufutwa. Njoo ibadani hata mikono mitupu, na jirani mwenye pikipiki akubebe bure, huo ndio upendo anaousema Yohana. Mama uliyetumika miaka ishirini, Mungu hasahau kazi yako, lakini usiiegemee hiyo kazi, mwegemee Yesu. Na wewe unayejiita umeokoka huku mfanyakazi wako wa nyumbani hajalipwa miezi mitatu, usijifariji na neno neema. Kachunguze mizizi, umlipe leo.

Kwenye ushirika wa nyumbani wiki hii, kila mmoja ajibu hili: nikiondolewa huduma yangu yote leo, bado nina sababu gani ya kusema nimeokoka?