Louis Marx, mtu aliyeshusha bei ya treni za watoto

Mu Marekani ya miaka ya 1930, treni nzuri ya umeme ya kuchezea haikuwa kitu cha kila mtoto. Zile za kampuni ya Lionel zilikuwa na sifa kubwa, lakini baba mwenye makuta kidogo aliziangalia tu kwenye kioo cha magazini. Na kazi ilikuwa imepotea karibu kila pahali. Louis Marx ndiye aliona hao wababa.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1896. Akiwa na miaka 16 aliingia kazi kwa Ferdinand Strauss, patro wa vitu vya kuchezea vya resori. Alipanda haraka, kisha hawakupatana tena, akatolewa. Alipita kwa jeshi, na mwaka wa 1919 akafungua kampuni yake pamoja na ndugu yake David. Biashara ya Strauss ilipoanguka, kumbe yule kijana aliyetolewa ndiye alinunua vyuma vya kukatia baadhi ya vitu vyake.

Treni zilitoka kwenye kiwanda cha Girard, Pennsylvania. Bati jembamba lilichapwa rangi likiwa bado bapa: madirisha, milango, hata misumari ilikuwa picha tu. Halafu likakatwa na kukunjwa. Mabehewa hayakuhitaji sudure. Kila kipande kilikuwa na vilimi vidogo vinavyoingia kwenye tundu la kingine na kukunjwa upande wa pili. Mtoto wa huku kwetu anayetengeneza gari na mikebe ya sardini angeelewa kazi hiyo mara moja. Ndiyo ilishusha bei, na bei ya chini haikumaanisha treni ya kuvunjika kesho.

Ndiyo sababu wapenzi wa treni za zamani wanamkumbuka. Treni ya Marx inafunguka. Unanyoosha vilimi polepole na pensi (polepole kweli, juu vikikunjwa mara nyingi vinakatika), unapangusa mafuta yaliyoganda, unatia tone moja jipya, unasugua magurudumu na reli. Kama ni ya resori, unaangalia kama imekatika ao imechomoka tu pahali inashikiliwa. Kipande kikikosekana, unakitoa kwa treni ingine iliyokufa. Halafu kichwa cha treni kilichonyamaza miaka 40 kinaanza kuvuta mabehewa juu ya sakafu, na mtu mzima anapiga magoti kukiangalia. Raha hiyo haiombi makuta mengi.

Mwaka wa 1955 gazeti Time lilitia picha ya Marx kwenye ukurasa wa kwanza. Mwaka ule kampuni iliuza vitu vya karibu dolari milioni 50, na kwa matangazo ilitumia dolari 312 tu. Magazini makubwa yalimuuzia bila kelele.

Mwaka wa 1972 aliuza kampuni kwa Quaker Oats, watu wa uji. Hawakuiweza. Treni zikaacha kutengenezwa, na mwaka wa 1980 kampuni ikaanguka kabisa. Marx mwenyewe alikufa mwaka wa 1982, akiwa na miaka 85.

Treni zake bado zinapatikana Marekani kwenye masoko ya vitu vya zamani, kwa bei iliyo chini ya zile za Lionel. Mnunuzi mzoefu wa zile za resori anauliza kwanza kama ufunguo wake upo.